Kabla hujaamini maoni ya watu kuhusu muvi ya ngumi yenye vichekesho

Mara ya kwanza kumwekea kaka yangu muvi ya Kung Fu Hustle, nilimwahidi jambo moja tu: "Kaka, hii utacheka mpaka mbavu ziume." Nusu saa haijapita, akanigeukia.

"Sasa dogo, stelingi anapigana saa ngapi?"

Nikamwambia asubiri. Akasubiri kidogo, akainuka, akaenda kulala. Asubuhi akanipa maoni yake kwa kifupi: muvi ya hovyo, stelingi mwoga, watu wanakimbia kama katuni.

Iliniuma, maana muvi hiyo naipenda kwa dhati. Lakini nilipotulia nikaona kosa lilikuwa langu, na tangu hapo nasoma maoni ya watazamaji kwa jicho jingine.

Muvi inayochanganya ngumi na vichekesho hugombanisha watu kwa sababu wanakaa mbele ya skrini moja wakisubiri vitu viwili. Mmoja amekuja kuona pambano, mwenzake amekuja kucheka. Kichekesho kikiingia katikati ya pambano, yule wa kwanza anaona amedhulumiwa. Damu ikimwagika katikati ya kicheko, wa pili anaona starehe yake imeharibiwa. Kwa hiyo ukisoma maoni, usianze na hukumu ya mtu, anza na alichokuja kutafuta. Mara nyingi hakifichiki. Anayelalamika kwamba stelingi hapigani amekwambia wazi anachopenda, na kama wewe hupendi hicho, lalamiko lake halikuhusu.

Kaka yangu alikulia kwenye zile muvi ambazo mwalimu anauawa, mwanafunzi anakwenda kufanya mazoezi, kisha anarudi kulipa kisasi. Hapa alikutana na Sing, anayechezwa na Stephen Chow ambaye ndiye pia mwongozaji: kibaka asiye na lolote, anayejifanya mtu wa Genge la Mashoka ili aogopwe. Anataka kumrushia kisu mama mwenye nyumba. Kisu kinagonga, kinarudi, kinamchoma bega yeye mwenyewe. Mwenzake anashika kingine ili asaidie, nacho kinaishia mwilini mwa Sing yule yule. Halafu wanakuja nyoka. Mimi hapo nilikuwa nimelala chini kwa kicheko, kaka alikuwa anaangalia saa.

Nilichopaswa kumwambia tangu mwanzo ni kwamba ngumi zipo, ila si kwa stelingi. Ziko kwa watu wazima wa ule mtaa maskini anakokwenda Sing kutisha watu. Fundi cherehani anachezwa na Chiu Chi-ling, ambaye ni mwalimu wa kweli wa Hung Gar, mtindo wa kungfu wa kusini mwa China. Zile bangili za chuma anazovaa mikononi anapopigana hazikubuniwa kwa ajili ya muvi, kwani wanafunzi wa Hung Gar huzivaa mazoezini ili kukomaza mikono. Mbeba mizigo anayepiga mateke ni Xing Yu, aliyewahi kuwa mtawa wa Shaolin. Na wale mume na mke wenye nyumba, Yuen Wah na Yuen Qiu, walilelewa kwenye shule ya opera ya Kichina ya mwalimu Yu Jim-yuen huko Hong Kong, alikosoma pia Jackie Chan. Jina Yuen walilichukua kwa mwalimu wao.

Jambo la pili la kuuliza ni hili: huyu mtoa maoni alisikia sauti za nani? Mimi niliiona kwanza ikiwa na sauti za Kiingereza zilizopachikwa, na mama mwenye nyumba alinichosha. Nilipomsikia kwa Kikantoni chake, lugha ya Hong Kong, huku nikisoma maandishi ya chini, akawa mtu mwingine, kwa sababu matusi yake yana mdundo, yanapanda na kushuka. Vichekesho vya Stephen Chow vina jina lake huko Hong Kong, mo lei tau, maneno yasiyo na kichwa wala miguu yanayosemwa kwa uso mkavu kabisa. Vichekesho vya namna hiyo hufa haraka sana kwenye tafsiri. Anayeviita vya kitoto ninamwelewa, lakini simwamini mpaka nijue alitazama nakala ipi.

Lalamiko la kompyuta kutumika kupita kiasi nalikubali nusu. Mbio za Sing na mama mwenye nyumba, miguu ikizunguka kama magurudumu, zimefanywa katuni kwa makusudi, na zinachekesha. Pambano la mwisho, hapana. Pale mikono ya watu imepotea ndani ya picha za mashine, na kila nikilitazama natamani warudi fundi cherehani na mbeba mizigo uani.

Wanaolalamika kwamba muvi inageuka ukatili ghafla wanasema kweli, ila mimi ndipo ninapoipenda zaidi. Wapiga zeze wawili wanakaa usiku, wanagusa nyuzi, na sauti inageuka upanga. Mbeba mizigo anatembea zake, hajui lolote. Kicheko kinakatika. Usimtazamishe mtoto mdogo bila kujua sehemu hiyo inakuja.

Wewe nawe ukitoa maoni, taja tukio. Nyota tano na "nzuri sana" hazimsaidii mtu. Sema ulicheka wapi, ulichoka wapi, na ulikaa kusubiri nini.

Miezi kadhaa baadaye nilimrudisha kaka kwenye kochi, safari hii bila ahadi ya kicheko. Nilimwambia tu habari za fundi cherehani. Bangili zilipoanza kulia, akachukua rimoti, akarudisha nyuma. Akarudisha tena. Muvi ilipoisha akaniuliza yule baba mwenye nyumba ametokea wapi. Nikamweleza kwamba Yuen Wah ndiye aliyekuwa akiruka sarakasi badala ya Bruce Lee katika Enter the Dragon ya mwaka 1973, na kwamba mwaka 2005 alipewa tuzo ya filamu ya Hong Kong ya mwigizaji bora msaidizi kwa muvi hii hii ambayo yeye aliiita ya hovyo.

Kaka hakujibu. Akaenda kuitafuta Enter the Dragon, aliyoitazama tangu utotoni, akaisogeza mpaka kwenye ile sarakasi ya kurudi nyuma, akasimamisha picha na kusogea karibu na skrini.