Jibu: Hatifungani ya dola 1,000 ya mwaka 1863, halisi au nakala?

Salaam mkuu. Nimekuelewa hivi: umepata hatifungani ya vita ya dola 1,000, iliyotolewa 1863 na majimbo ya Kusini yaliyojitenga na Marekani. Unauliza kama ni halisi, na kama serikali ya Marekani inaweza kukulipa.

Malipo sahau. Marekebisho ya 14 ya Katiba yao, 1868, yalibatilisha madeni ya waasi. Anayeitaka leo ni mkusanyaji tu.

Kuhusu uhalisi, anza na saini na namba. Kwenye halisi viliandikwa kwa mkono. Igeuze, uiinue kwenye mwanga: wino wa zamani hugeuka kahawia na mara nyingi hupenya hadi nyuma. Ya kwanza niliyonunua mimi ilikuwa karatasi ya hudhurungi inayochakarika kama ganda la kitunguu, na saini yake nyeusi ileile ya maandishi ya chapa. Nakala ya kuuzia watalii! Iliniuma, nilikuwa nimeidunduliza miezi.

Halafu hesabu kuponi za chini. Mwenye hatifungani alikata moja kila miezi 6 akadai riba. Vita viliisha 1865, kwa hiyo za baada ya hapo kubaki ni kawaida kabisa. Tafadhali usizikate ili ipendeze.

Usiipige pasi, usiiwekee selotepu wala laminesheni. Tuma picha za mbele na nyuma. Bei siwezi kukutajia kabla sijaona mikunjo na matundu.