Mgonjwa wa kusahau hafichwi, waambie watu wa mtaa

Kama mzee wako ameanza dimensia waambie watu, tena mapema kabla hajaanza kupotea. Sisi hapa Lamu tuna aibu sana na haya mambo, mtu akianza kurudia maneno ama kumuita mjukuu kwa jina la ndugu yake aliyekufa zamani, wenyewe wanafunga mlango, huyu anasema ni jini yule anasema ni uzee tu, na majirani wanabaki kunong'ona. Mamangu anayo haya maradhi na mi ndo nakaa naye, na kilichotusaidia kuliko vyote ni kusema wazi: mama ubongo wake unaumwa, anasahau, mkimuona mahali peke yake tupigieni.

Na si uzee, wako wazee wa miaka 90 hapa wanakumbuka madeni yako yote. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya milioni 55 wana dimensia, na wengi wako nchi za kipato kidogo na cha kati kama yetu, si Ulaya kama watu wanavodhani. Dawa ya kuiponyesha haijapatikana. Lakini hospitali mpelekeni kabla hamjakata shauri, manake kuna vitu vinaiga dimensia, tezi ya shingo ikiwa haifanyi kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12, hata maambukizi ya mkojo tu yanaweza kumfanya mzee akapayuka ghafla, na hayo yanatibika. Kisomo cha Kurani someni, nani amekataza, ila na daktari amuone.

Watu wanasema mji wetu salama kwa vile magari hayaingii vichochoroni. Kweli, lakini vichochoro vyenyewe vinafanana, punda wanakuja na mizigo ya mawe, boda boda nazo siku hizi hazikosekani, na kule pwani sehemu kubwa hakuna cha kumzuia mtu asitumbukie maji yakijaa. Kisha buibui! Mama akishavaa buibui ukimuona kwa nyuma ni kama kina mama wote wa Lamu. Sisi tumeshona namba ya simu kwa ndani kwenye pindo, na kandambili tunamnunulia za manjano tu, watu wa barazani wameambiwa waangalie miguu.

Hao vijana wa barazani watu wanawasema sana eti wamekaa bure kutwa, mi nawaambia hakuna walinzi kama wao, kuanzia Alasiri mpaka Isha hakipiti kitu hawajakiona. Tuliwaeleza tu namna ya kumsimamisha. Usimtokee kwa nyuma, usimvute mkono, usimpigie kelele we bibi waenda wapi. Njoo kwa mbele, toa salamu, sema mi ni mtoto wa fulani, tembea naye kidogo kisha mgeuze polepole. Na jamani lile swali la "wanikumbuka?" liacheni, linamuumiza na halina faida yoyote.

Jua likizama ndo kazi huanza, anataka kwenda kwao. Kwao ni Mkomani, nyumba ile iliuzwa zamani sasa ni gesti ya wageni. Ukimwambia imeuzwa anaanza kulia upya kama ndo kwanza anasikia, kwa hivo hatubishani, na soja wa pale tumemwambia akifika ampe kiti na maji, sisi tunakuja. Wamekaa vizuri tu, saa zingine anamwelezea soja kisima kilikuwa wapi.

Mwenye duka naye, mama akija kununua sukari mara ya tatu anampa, anaandika, jioni tunairudisha. M-Pesa yake tuliitoa kwake mapema, hilo msingoje.

Msikitini hali ni ngumu kidogo. Mzee akizidisha rakaa watu wanamgeukia na kumkemea, na wote tunajua kalamu imeinuliwa kwa aliyeondokewa na akili, yaani haandikiwi dhambi, sasa ukali wa nini? Mtu mmoja asimame kando yake basi. Watoto wa madrasa walikuwa wanamuiga mama, maalim akawakalisha akawaeleza, siku hizi wanamrudisha nyumbani wamemshika mkono. Japani tangu 2005 wanafundisha watu wa kawaida hivi hivi, wenye maduka, watu wa benki, wanafunzi, darasa la kama saa moja na nusu, na waliofundishwa wameshapita milioni 10. Sisi baraza tunazo tayari, hata kukodi ukumbi hakuna haja.

Na wewe jirani unayetaka kusaidia, usije na "mkihitaji chochote semeni", hatusemi, tunaona haya. Sema Alhamisi baada ya Alasiri nitakaa naye mimi, nenda arusini ama kalale, na ukija uje kweli.