Kwa mnaoanza kumsoma Cao Shen, waziri mkuu wa China mwanzoni mwa enzi ya Han

Wadogo zangu, kila muhula napokea insha ileile: jenerali shujaa, kisha waziri mkuu mlevi asiyefanya kazi. Inaniuma, maana najua mna akili. Hebu tusikilizane.

1. Msichanganye Qi, dola ya mashariki iliyokuwa chini ya Han, na Qin, utawala uliotangulia Han. Tazameni ramani kabla ya kuandika.

2. Anzeni Qi, si Chang'an, mji mkuu wa Han. Huyu alikuwa ofisa wa gereza kule Pei, akaingia vitani upande wa Liu Bang, mwanzilishi wa Han, akatoka na majeraha 70. Alipokabidhiwa uwaziri mkuu wa Qi, aliwaita wazee na wasomi, Wakonfusio peke yao walizidi mia, na kila mmoja akasema lake. Ndipo akamtafuta mzee Gai Gong, mfuasi wa Huang-Lao, fikra za kutawala bila kuingilia mno, aliyemweleza kuwa serikali ikitulia, wananchi hujipanga wenyewe. Cao Shen akampisha katika ukumbi wake mkuu. Miaka 9 Qi ikawa shwari.

3. Sasa hiyo pombe. Mwaka 193 KK Xiao He, waziri mkuu wa Han, alifariki, Cao Shen akashika nafasi yake. Aliyekuja na shauri jipya alikaribishwa kinywaji. Akitaka kufungua mdomo, anaongezewa, mpaka anaondoka amelewa na neno lake tumboni. Kaizari Hui, mwana wa Liu Bang, akadhani anadharauliwa kwa ujana wake. Akamtuma Cao Zhu amhoji baba yake faraghani, bila kusema ametumwa. Baba akamchapa kijana viboko 200. Kaizari alipomwambia kuwa ni yeye aliyemtuma, Cao Shen alivua kofia akauliza: kati yako na marehemu baba yako, nani zaidi? Na kati yangu na Xiao He? Kaizari akakiri kuwa baba yake na Xiao He ndio zaidi. Basi, akasema, sheria zao ziko wazi, tuzishike.

Hapo ndipo mnaandika "uvivu"! Watu wametoka kwenye mkono mzito wa Qin, wakaingia vita vya Chu na Han vya kugombea utawala. Walihitaji kuachwa walime. Na mbona hamwataji makarani aliowafukuza kwa kubana sheria ili wapate jina? Huko ni kufanya kazi, tena kazi ngumu.

4. Alifariki mwaka 190 KK. Msimpe sifa zote za enzi ya Wen na Jing, makaizari waliokuja baadaye.

5. Someni alivyoagana na mrithi wake kule Qi: gereza na soko usivivuruge, maana ukivibana sana, waovu watakwenda wapi? Aya hiyo imo sura ya 54 ya Shiji, kitabu cha historia cha Sima Qian. Kipindi kijacho tutaanzia hapo, na kila mmoja aje ameisoma.