Subaru yenye turbo: daunpaipu kwanza, sauti mwisho

Mshahara ukiingia tu, linafika gereji lile gari tunalolijua sote: Impreza GDA, Forester SG5 au Legacy BP5, mwenyewe kashika simu yenye video ya Subaru nyingine inayonguruma. "Fundi, nataka yangu ilie hivi." Na fundi mgeni, hata boneti hajaifungua, yuko chini ya bampa ya nyuma na grainda mkononi. Wadogo zangu, hapo mmeanza mkiani. Kwenye gari la turbo, ekzosi ni sehemu ya mfumo wa busti (presha ya hewa ambayo turbo inaisukumia injini), kama ilivyo solenoidi (vali ya umeme inayoiongoza busti) na westigeti (mlango unaopitisha moshi pembeni ya turbo). Ukiigusa umegusa busti. Nawaandikia ninyi mlioanza kufunga vitu hivi karibuni, manifodi (paipu zinazokusanya moshi wa silinda) na appaipu (inayoupandisha moshi hadi turbo) mnazitofautisha, lakini bado mnarudia makosa ambayo gereji zetu zimeyalipia miaka mingi.

1. Mjue injini kabla ya kusikiliza video. Ule mngurumo hautoki kwenye sailensa. Unatoka kwenye manifodi yenye mikono isiyolingana urefu: moshi wa silinda za kushoto unapita chini ya injini kuifuata turbo iliyoko kulia, kwa hiyo unachelewa kuliko moshi wa kulia, na mapigo yanafika bila mpangilio. GDA na SG5 zenye injini ya EJ205 zimezaliwa nao. Legacy BP5 na BL5 za GT hazina, wala Impreza STI za Japani zenye injini ya EJ207 ya twini-skroli (turbo yenye njia mbili za kuingizia moshi). Manifodi ya hizo inaunganisha silinda 1 na 2, kisha 3 na 4. EJ inawaka kwa mfuatano wa 1-3-2-4, kwa hiyo kila jozi inapata nafasi sawa kati ya pigo na pigo, na turbo inaamka mapema. Sasa mteja wa BP5 anataka mngurumo, na kuna atakayemuuzia manifodi ya GDA. Flanji haikai, inachomelewa adapta, na gari lililokuwa likivuta vizuri kwenye mzunguko wa chini linakuwa zito kwenye kila mlima. Mwambieni ukweli mapema: ukitaka mngurumo kwenye twini-skroli, unabadili manifodi, appaipu na turbo kwa pamoja, halafu unatyuni upya, yaani unapanga upya kompyuta ya injini. Wengi wakisikia hivyo wanaridhika na sauti waliyo nayo, na gari linabaki zima.

2. Pesa ikiwa kidogo, ianzie karibu na turbo. Daunpaipu, ile paipu inayoutoa moshi kwenye turbo, ndiyo inayozaa nguvu, na tyuni iwe kwenye bajeti hiyo hiyo. Paipu ya katikati inafuata. Sailensa ya nyuma ni ya mwisho, maana mchango wake ni sauti na uzito. Appaipu tuiweke pembeni na kanuni hii: kwenye baadhi ya matoleo ina kataliza (kifaa cha kusafisha moshi) ndani, na ile sega ya kauri ikimeguka, vipande vinaingia moja kwa moja kwenye mapanga ya turbini, gurudumu la turbo linalozungushwa na moshi. Mkiikuta, shaurini itolewe hata kama mteja hana haja ya nguvu ya farasi hata mmoja zaidi. Kipenyo cha milimita 76, yaani inchi 3, kinatosha kwa turbo za TD04 na za VF zote ambazo gari lilikuja nazo. Eneo lake ni karibu mara 1.8 ya paipu ya milimita 57. Zaidi ya hapo mnaongeza chuma cha kugonga matuta tu.

3. Daunpaipu bila tyuni. Hapa lazima nikae, na lazima tulikiri sisi mafundi, kwa sababu mteja hakujua na sisi tulijua.

Turbini inazungushwa na tofauti ya presha kati ya mbele yake na nyuma yake. Ukitoa kataliza na paipu nyembamba ya kiwandani, presha ya nyuma inashuka na turbini inazunguka kirahisi zaidi. Lakini ECU, kompyuta ya injini, haina habari. Inaendelea kuipa solenoidi ya busti asilimia zile zile za muda wa kufunguka zilizopangwa kwa ekzosi ya zamani, na asilimia hizo sasa zinaleta busti kubwa kuliko iliyokusudiwa, tena mapema, mzunguko ukiwa karibu 3,000. Busti inapita kikomo, ECU inakata petroli, na gari linashtuka kama mtu aliyevutwa shati kwa nyuma.

Mshtuko ule ni ulinzi. Ndipo linapofanyika kosa la pili, ambalo ndilo linaloua. Fundi anamwambia mteja, "Ni kawaida, lizoee," au anafunga kifaa kidogo cha kuidanganya sensa ya presha ili ECU isikate. Mteja anafurahi. Gari linavuta kuliko wakati wowote, na kwa wiki kadhaa kila mtu anamsifu fundi.

Kumbukeni gari lenyewe lilitoka wapi. ECU ya GDA au STI ya Japani ilipangwa kwa petroli ya haiokuteni (inayostahimili kulipuka mapema) ya kule, inayouzwa kama RON 100. Petroli ya kawaida ya pampu zetu haifiki hapo, kwa hiyo muda wa cheche ulikuwa umeshabanwa kabla hamjalegeza nati ya kwanza. Halafu kuna mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,800, presha ya hewa ni kama bar 0.82. Ili kupata busti ya bar 1 pale, turbo inabana hewa mara 2.2; Mombasa inabana mara 2 tu. Gari likitremka, hewa inazidi kuwa nzito, moshi unaoingia turbini unaongezeka, na westigeti inatakiwa kupitisha moshi mwingi kuliko ilivyozoea. Gari ambalo busti yake ilitulia Nairobi linaweza kuanza kupanda lenyewe mbele ya Voi, kwenye joto, abiria wanne ndani, mizigo nyuma, na lori la kupita.

Kinachofuata mnakijua kwa macho ingawa pengine hamjawahi kukiunganisha na daunpaipu. Mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake, mlipuko unagonga pistoni, na ule ukingo mwembamba kati ya ringi na ringi unapasuka, mara nyingi kwenye silinda ya 4. Gari linarudi Nairobi likitembea. Saileni (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) inatetemeka, oili inapungua, moshi wa bluu unatoka ukiachia mafuta, na ukifungua kifuniko cha oili linakupumulia usoni. Mnapima kompresheni: silinda tatu zinakaribiana, ya nne iko nusu yake. Wapo wanaobadilisha plagi na koili hapo, halafu injekta, halafu wanalaumu petroli ya Mtito Andei. Kosa lilifungwa wiki sita nyuma kwa nati tano za flanji ya turbo.

Na kuliepuka kulihitaji nini? Kebo ya OBD ya kuunganisha laptopu na gari, laptopu yenye programu ya RomRaider ambayo ni ya bure, na nusu saa. Kabla ya kugusa chochote, rekodini IAM (kizidishi cha muda wa cheche), marekebisho ya kugonga na busti. IAM kamili ni 16 kwenye ECU za zamani na 1.0 kwenye zile za baadaye. Ikiwa iko chini na betri haikutolewa majuzi, gari linagonga tayari: litibuni kwanza. Mkishafunga, mteja asipewe ufunguo wa kwenda "kulijaribu". Lipelekwe kutyuniwa, likiendeshwa bila kuingia kwenye busti njia nzima. Mtyunaji apunguze asilimia za solenoidi ya westigeti, aweke hewa na petroli karibu 11:1 kwenye busti kamili, na arudishe muda wa cheche kulingana na petroli ambayo mteja ananunua kweli, siyo ile anayosema atanunua. Tyuni ikikosekana, daunpaipu ibaki kwenye kartoni. Mteja akikasirika, akasirike. Hasira yake ni rahisi kuliko injini.

4. Kuruka kwa busti na kupanda kwa busti ni magonjwa mawili. Ikiruka juu kisha ikashuka kwenye kiwango chake, ni asilimia za solenoidi, na mtyunaji ataimaliza kwenye laptopu. Ikizidi kupanda pamoja na mzunguko mpaka juu kabisa, hata solenoidi ikiwa imewekwa sifuri, westigeti inashindwa kupitisha moshi, na hakuna ramani ya ECU itakayosaidia. Hapo tundu la westigeti linachongwa kuongezwa, au mnarudi kuangalia mlivyofunga.

Maana mara nyingi ni mlivyofunga. Daunpaipu nyingi za sokoni zina ukuta ndani wa kutenganisha moshi wa turbini na wa westigeti, na kifuniko cha westigeti kinafunguka kikielekea kwenye ukuta huo. Kabla ya kukaza, pakeni grisi kidogo kwenye ukingo wa kifuniko, shikizeni daunpaipu kwa nati mbili, fungueni ekchueta (kifaa cha hewa kinachofungua westigeti) kwa pampu ya mkono yenye geji, kisha itoeni daunpaipu. Alama ya grisi kwenye ukuta inamaanisha kifuniko kinagusa na hakifunguki chote. Sageni pale palipoguswa. Tazameni na gasketi pia: zile za bei ya chini zina tundu dogo linaloziba nusu ya mlango wa westigeti. Iwekeni juu ya turbo kavu, mchungulie kwa tochi. Ni dakika kumi, na wengi wenu hamzifanyi.

5. Kazi ya welda. Jua kali wetu wanaweza kutengeneza ekzosi inayoshinda ya dukani, mkiwapa vipimo badala ya kuwaambia "fanya kama ile". Chuma cha SUS304, ukuta wa milimita 1.5, flanji ya milimita 10. Flanji ya milimita 6 inapinda kwa joto la turbo, na hakuna gasketi itakayoishika. Kona ziwe zimekunjwa kwa mandreli, ili paipu isibonyee. Kona iliyobonyea ya inchi 3 imeshakuwa ya inchi 2 na nusu. Wachomelee kwa TIG na gesi ya argoni ipitishwe ndani ya paipu, la sivyo upande wa ndani wa weldi unakuwa punjepunje kama sukari iliyoungua na hapo ndipo pataanza ufa. Fleksi (kipande cha paipu kinachopinda) moja baada ya daunpaipu, kwa sababu injini inacheza na bodi haichezi.

6. Kataliza na kelele. Mteja atawaambia toeni yote. Mpeni kataliza ya seli 200 kwa inchi ya mraba. Anapoteza nguvu kidogo sana, na watoto wanaokaa kiti cha nyuma hawatavuta moshi mbichi kwenye foleni. Kenya ina kanuni za kelele tangu 2009 chini ya NEMA, mamlaka ya mazingira, na polisi hawahitaji kipimo kuisikia paipu iliyo wazi saa sita usiku. Taa ya cheki injini yenye P0420 (kosa la kataliza) itatoka kwa sensa ya oksijeni ya nyuma. Hilo ni la mtyunaji, msilifiche kwa kung'oa balbu kwenye dashibodi. Kataliza ya kiwandani ni mali ya mteja. Ndani yake kuna madini ya thamani ya platini, paladi na rodi, na wanunuzi wa vyuma wanalijua hilo vizuri kuliko yeye. Ifungeni kwenye gunia, mwekeeni kwenye buti.

7. Mengineyo. Studi za turbo zimwagieni mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake, na mzijaribu injini ikiwa vuguvugu. Gasketi mpya kila mara. Nati za daunpaipu kwenye turbo ni karibu Nm 35, kwa spana ya kipimo, siyo kwa kiganja. Hesabuni matundu ya sensa kabla ya kuagiza. Kile kipande kidogo chenye tundu finyu ndani ya hosi ya busti kisitupwe mkibadilisha hosi, kwa kuwa busti itakwama chini na mtaanza kulaumu turbo. Resoneta (kipunguza mngurumo cha katikati) iwepo, au mwenye gari atarudi kutoka Nakuru na kichwa kinachomuuma. Kinga ya joto ya appaipu irudi mahali pake: buti ya mpira ya ndani ya driveshafti ya kulia iko karibu sana, na grisi yake ikianza kudondokea paipu ya moto mtaiona kwa moshi.

Gari likishapata joto na kupoa mara tatu, liiteni tena. Likazeni upya likiwa baridi, kisha piteni na tochi kwenye kila flanji. Mstari mweusi wa masizi, hata mwembamba kama uzi, ni mahali moshi unapovuja. Ukiwa kabla ya turbo, fungueni leo leo.