GFP inang'aa kwenye kiini: je, nimepata NLS?

SWALI: Nasoma shahada ya uzamili. Nimeunganisha GFP, protini inayong'aa kijani, na protini ndogo ya kirusi cha batobato ya mihogo, yenye kilodaltoni 12 (kipimo cha uzito wa protini), nikaiingiza kwenye majani ya Nicotiana benthamiana, mmea wa jamii ya tumbaku, kwa bakteria wa Agrobacterium. Siku ya tatu naona viini vinang'aa kijani, na kidogo pembezoni mwa seli. Programu ya mtandaoni imenionyesha NLS (mfuatano mfupi wa asidi amino unaoelekeza protini kwenye kiini) yenye alama za juu. Je, naweza kuandika kwamba protini hii inaingizwa kwenye kiini na importini, yaani protini inayobeba mizigo kuingia humo?

JIBU: Hapana, bado. Jumlisha kwanza: 12 yako na 27 za GFP ni 39. Protini ya ukubwa huo haihitaji importini wala NLS kuingia kwenye kiini. Inajipenyeza. Rudi kwenye hadubini na jani lililopewa GFP tupu, utaona picha inayofanana na yako kiasi cha kukuudhi: viini vinang'aa, pembezoni panang'aa. Picha hiyo ya ulinganisho haimo kwenye maelezo yako, na haimo kwenye tasnifu nyingi zinazopita mezani kwangu.

Kosa linaanzia kwenye namna tunavyofundishwa tundu la kiini: geti lenye mlinzi, mwenye kitambulisho apite, asiyenacho arudi. Tundu halina mlango. Ni njia iliyojaa nyuzi za protini zilizolegea, zenye asidi amino fenilalanini na glisini zinazojirudia, zilizosongamana. Kidogo kinapita katikati yake, kikubwa kinakwama. Kilodaltoni 40 inayotajwa vitabuni si ukuta. Kuanzia hapo upenyaji unazidi kuwa wa polepole, haukatiki ghafla, na wewe umeipa protini yako siku tatu nzima. Importini yenyewe inapita kwa sababu inashikana na nyuzi hizo na kuziachia upesi, na kule kupita hakuli nishati. Nishati inatumika kulinda tofauti ya Ran, protini ndogo inayobeba GTP (molekuli ya nishati) ndani ya kiini na GDP nje: ndani ya kiini protini RCC1, iliyokaa kwenye kromatini, inaijaza Ran GTP, nje RanGAP inaifanya GTP hiyo ivunjwe kuwa GDP. Importini ikifika ndani inakutana na RanGTP na kutua mzigo. Ondoa tofauti hiyo, mizigo haitarundikana upande wowote. Kwa hiyo unachotafuta ni mrundikano unaozidi ule wa GFP tupu. Kuonekana tu hakusemi kitu.

Halafu seli ya jani ina mtego wake. Vakuoli, mfuko wa maji wa seli, imejaa karibu seli yote na kuisukuma saitoplazimu ibaki utando mwembamba pembeni, isipokuwa palipo na kiini, ambapo hujikusanya nene kukizunguka. Kwa hadubini ya kawaida ya mwanga wa floresensi, saitoplazimu ya juu na ya chini ya kiini inaonekana kama kiini chenyewe. Tumia konfoko (hadubini ya leza inayopiga picha tabaka moja moja), chukua vipande vya mikromita 1 kutoka juu hadi chini ya kiini, na weka alama ya pili, kwa mfano histoni H2B, protini ya kromatini, yenye rangi nyekundu. Kama umekata katikati ya kiini kweli, GFP tupu itakuonyesha nukleoli kama duara jeusi ndani ya kijani.

Kabla ya hayo yote, fanya bloti ya Western, yaani tenganisha protini kwa uzito kisha itambue yako kwa kingamwili ya GFP. Bendi yako iwe karibu na 39. Ukiona bendi nene kwenye 27, muunganiko umekatika na ulichokuwa ukipiga picha ni GFP peke yake. Nusu ya matokeo ya kusisimua ya aina hii huishia hapo.

Ukivuka hapo, ongeza uzito. Unganisha protini yako na GFP tatu mfululizo, jumla iwe 93, au GFP pamoja na GUS, protini nyingine kubwa. Ikiendelea kujaa kwenye kiini, sasa kuna habari. Badilisha lisini na arginini, asidi amino zinazoujenga mfuatano ule wa NLS, kuwa alanini uone kama inabaki nje. Kisha uhamishe mfuatano huo peke yake kwenye GFP tatu uone kama unaziingiza. Jaribio la kwanza linaonyesha kwamba mfuatano unahitajika, la pili kwamba unatosha. Moja halilipii lingine, kwa sababu protini inayoshika DNA inaweza kupenya yenyewe na kunaswa ndani bila NLS yoyote. Antijeni T kubwa, protini ya kirusi cha nyani SV40, ilitoa jibu safi mwaka 1984, pale lisini moja, ya 128 ndani ya mfuatano PKKKRKV (K ni lisini, R ni arginini), ilipobadilishwa na protini ikabaki nje. Lakini ile ina zaidi ya kilodaltoni 80. Isingeweza kujipenyeza kirahisi kama yako. Tumia PKKKRKV hiyo kwenye GFP tatu kama ulinganisho wako wa protini inayoingia kweli. Na punguza bakteria: promota ya 35S, swichi inayowasha jeni yako, inazalisha kupita kiasi, na protini ikifurika mahali popote utaiona popote.

Kuhusu programu, nina neno. Inachofanya kwa sehemu kubwa ni kutafuta lisini na arginini zilizofuatana. Protini zinazoshika RNA zimejaa hizo, zikiwemo zisizokanyaga kiini. Wala haijui kama mfuatano umejikunja ndani ya protini, ambako importini haiufikii. Alama za juu ni sababu ya kufanya jaribio, basi. Siku hizi watu wanabandika picha ya skrini ya programu kama Kielelezo cha 1, picha ya seli moja nzuri kama Kielelezo cha 2, kisha wanachora mshale wenye jina la importini ambayo hawajaigusa.

Maneno hayohayo yameshatoka maabara. Wauza unga wa kolajeni kwenye simu wanaandika kwamba "unapenya hadi kiini cha seli". Kolajeni unayokunywa inakatwakatwa tumboni na kwenye utumbo kuwa asidi amino na vipande vifupi. Na ile ambayo mwili unajitengenezea hufanya kazi yake nje ya seli.