Kabla hujafuta wimbo wa kwaya, soma hapa

Wadogo zangu wa zamu ya asubuhi, nimefungua kompyuta ya studio nikakuta folda ya kwaya imepunguzwa "kupata nafasi". Zilizobaki zinaitwa Track 01, Track 02 na "pambio kali". Nawapenda, ila hapa tutagombana.

1. Jueni mlikotoka. Redio ya nyimbo za Injili huku Kilimanjaro haikuanza na FM. Mitambo ya kurushia ilikuwa Ethiopia. Mwaka 1963 Mfalme Haile Selassie alizindua Radio Voice of the Gospel mjini Addis Ababa, mali ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Studio ya Sauti ya Injili hapa Moshi ilirekodi vipindi vya Kiswahili, tepu zikasafirishwa hadi Addis, sauti ikarudi kwa masafa mafupi. Kwaya ya Moshi ilisikika Moshi baada ya kwenda Ethiopia na kurudi! Machi 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia, iliyoitwa Derg, ikataifisha stesheni ile. Huku kwetu redio binafsi hazikuruhusiwa mpaka ilipokuja sheria ya utangazaji ya 1993. Mitambo ilichukuliwa siku moja. Kilichobaki mikononi mwa watu ni tepu. Ndiyo maana folda ile naiona kama mali ya kanisa.

2. Usirekodi juu ya kitu usichokijua. Hili nimelifanya mimi. Redio niliyoanzia kazi ilikuwa imeshaingia FM, lakini maktaba bado ilikuwa ya rili, zile tepu zilizozungushwa kwenye gurudumu. Rili ya inchi 7, kwa mwendo wa sentimita 19 kwa sekunde, inabeba kama nusu saa tu, na tepu mpya zilikuwa ghali. Jumamosi moja mchungaji amefika kurekodi mahubiri, sina tepu tupu. Nikavuta rili moja rafuni, boksi halijaandikwa kitu. Nikasikiliza kidogo: kwaya, bila hata kinanda. Nikasema haya ni mazoezi, nikabonyeza. Kwenye mashine zile kichwa cha kufutia kinatangulia kichwa cha kurekodia, kwa hiyo mahubiri yanapoanza kuingia, wimbo umeshaondoka.

Baadaye akaja mzee mmoja, mwalimu wa kwaya kutoka usharika wa huko juu mlimani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mama yetu wa sauti ya kwanza amelala. Tulikumbuka mlituchukua sauti, tunaomba tumpigie kesho kwenye ibada."

Akaniimbia mstari mmoja ili niutambue wimbo. Niliutambua. Nikaifunga ile rili kwenye mashine, nikapeleka mbele mpaka mahubiri yakaisha, na pale mwishoni, baada ya "Amina" ya mchungaji, zilikuwa zimebaki beti moja na kiitikio. Besi, teno, na kwenye kiitikio yule mama, juu kabisa. Mzee akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Hakunigombeza. Alisubiri nimnakilie kile kipande kwenye kaseti, akaifunga kwenye leso akaondoka nayo kwa miguu kwenda stendi. Ilikuwa nusu saa ya kwaya, mazishini wakasikia beti moja. Hilo silisahau, na wala sitaki nilisahau.

3. Jina la faili ni kwaya, usharika, mwalimu, mtunzi, mahali, tarehe. Kama huna, muulize aliyeleta flashi kabla hajanywa chai akaondoka.

4. Hifadhi WAV, yenye sauti kamili; MP3, iliyobanwa, ni ya kurushia. Nakala ya pili ikae nje ya jengo.

5. Mtunzi wa wimbo ana haki zake hata kama anaimba bure kanisani. Andikeni jina lake, na mkiulizwa mambo ya COSOTA, ofisi ya hakimiliki, msijibu kwa kubahatisha.

6. Rili tulizobaki nazo tunaanza kuzihamishia kwenye kompyuta. Tutaanza na zile ambazo waimbaji wake bado wapo, kwa sababu mashine itatupa sauti lakini majina wanayo wao. Jumatatu mchana wanakuja wazee wawili wa kwaya kusikiliza pamoja nasi. Mmoja hasikii vizuri sikio la kushoto, mwekeni karibu na spika ya kulia. Njooni na daftari.