Waambie kazini, ila uende na ombi lako: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Samaki migebuka uliowatuma kwa treni kutoka Kigoma tumewapata, ahsante sana. Hapa Tabora hatujambo, ni vumbi na jua tu.

Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja. Unasema huu ni mwezi wa nane mgongo haujakuachia, na ikifika saa nane mchana huwezi tena kukaa mbele ya kompyuta. Ukaniuliza: "Mama, wewe ulimudu vipi ofisini miaka yote ile na kiuno chako? Na mimi niwaambie wakubwa, au ninyamaze?"

Waambie. Tena waambie sasa, wakati kazi yako bado wanaisifia, usingoje wiki ambayo umelala ndani na ripoti haijatoka. Mkuu akilisikia jambo hili kwa mara ya kwanza siku uliyoshindwa, ataona unajitetea tu. Akilisikia leo, atalipokea kama taarifa.

Ila usiingie kwake na neno "naumwa" peke yake. Atakupa pole, basi, hana kingine cha kukupa. Ingia na cheti cha daktari na mambo mawili unayoyataka. Mimi nilikuwa katibu muhtasi, kazi ya kukaa tangu asubuhi, kwanza kwenye taipureta, baadaye kompyuta. Niliomba kiti chenye mgongo ulionyooka, na ruhusa ya kufuata mafaili masijala mwenyewe badala ya kumtuma mhudumu, ili nipate kuinuka. Mkuu wangu akauliza swali moja tu: "Barua zitatoka kwa wakati?" Nikamwambia zitatoka. Yakaisha hapo.

Aliyekuja baada yake hakuwa mtu wa namna hiyo. Alisema mbele ya wenzangu kwamba viuno huwauma wasiopenda kazi. Maneno yale yaliniuma kweli. Lakini makubaliano yalikuwa yameshaandikwa na yamo kwenye jalada langu, hakuweza kuyafuta. Kwa hiyo mkishaelewana, andika barua fupi ya kushukuru, utaje mlichokubaliana, na nakala ubaki nayo.

Na ujue haki yako, usije ukaomba kama mtu anayeomba hisani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi uwe na cheti cha daktari. Sheria hiyohiyo inasema anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo apate mapumziko ya saa moja. Saa hiyo wengi wenu mnaimalizia mezani huku mnajibu ujumbe. Usiitoe, mwanangu. Toka nje, tembea, na kama kuna chumba kitupu, tandika kanga ulale chali.

Sasa kukaa kwenyewe. Kunja kanga, iviringe iwe nene, uiweke pale kiuno kinapoingia ndani, si juu kwenye mabega. Kompyuta mpakato iinue juu ya rimu za karatasi mpaka ukingo wa juu wa kioo ulingane na macho, na uombe kibodi ya pembeni, maana bila hiyo utakuwa umeinua mikono kutwa na maumivu yatahamia shingoni. Miguu yote ikanyage chini. Kama haifiki, tafuta kibao. Hata ukishakaa vizuri hivyo, inuka kila nusu saa. Mgongo huchoshwa na mkao mmoja hata kama ni mkao mzuri. Mimi chupa ya maji niliiweka mbali, kwenye meza ya dirishani, nikitaka kunywa lazima niifuate. Kazi ya kufikiri ifanye asubuhi. Za simu ziweke mchana, uongee umesimama.

Halafu kuna ya nyumbani, ambayo daktari hataiona. Nakufahamu: Jumamosi unainama kwenye beseni tangu asubuhi, mablanketi na mashuka, halafu Jumatatu unalaumu kiti cha ofisi. Weka beseni juu ya meza, fua kidogokidogo. Dumu la maji la lita 20 ni kilo 20. Chota nusu, rudi tena. Na kutoka Mwanga kushuka mjini acha bodaboda kwa sasa, panda bajaji. Itakugharimu kidogo zaidi, najua.

Jambo moja sikubaliani nalo kabisa: hiyo diklofenaki, dawa ya maumivu, unayomeza kila siku kutoka duka la dawa. Ikimezwa muda mrefu bila usimamizi huumiza tumbo na figo. Nenda hospitali ya Maweni, uwaulize kuhusu fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi, na uende na daftari lenye saa maumivu yanapopanda na ulichokuwa unafanya. Daftari litamsaidia daktari kuliko kumwambia "unauma sana". Na siku ukiona miguu inakosa nguvu, au ganzi katikati ya mapaja, au mkojo unashindwa kuubana, usingoje kesho. Hiyo ni ya kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo.

Wapo watakaosema unajidekeza kwa sababu wanakuona mzima. Usipoteze nguvu kuwaeleza wote. Mkuu wako ajue, na mwenzako mmoja unayemwamini ajue, hao wanatosha.

Andika hilo ombi wiki hii, unisomee kwa simu kabla hujalipeleka. Barua za ofisi ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu, nitakuambia pa kurekebisha. Baba yako anakusalimu, naye anauliza kama Desemba utaweza safari ya treni au tuje huko sisi.

Mama yako